Rangi ya Mwili wa Nani?

Ujumbe uliingia WhatsApp siku mbili kabla ya shuti yangu ya kwanza. Nimeuhifadhi hadi leo, manake ni andishi fupi linalosema mengi kuliko aliyeliandika alivyokusudia. Nifike saa moja asubuhi. Uso msafi, bila vipodozi. Kucha fupi zisizo na rangi. Nywele nadhifu. Viatu virefu vyeusi, na vingine rangi ya mwili. Sidiria na chupi rangi ya mwili, zisizo na mshono. Mwisho, emoji tatu za moto. Kuhusu malipo, kimya. Kuhusu picha zitaenda wapi, kimya pia.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni na nilifurahi hadi nikauonyesha ujumbe huo kila mtu kwa hosteli. Sikuusoma, niliutii. Kuusoma nimekuja kuusoma baadaye, vile tulikuwa tunasoma mashairi ya mtihani: nani anasema, anasema na nani, na ni mambo gani ameamua hayana haja ya kusemwa.

Tuanze na chupi, kwa sababu hapo ndipo nilianzia. Nilishuka Tom Mboya Street nikaingia kwa zile stoli ndogo ndogo za ghorofani, zile ambazo duka moja limegawanywa na mbao hadi likawa maduka kumi na mawili. Nikaomba rangi ya mwili. Muuzaji, mama mkarimu kabisa, akanitolea sidiria ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Nikamwambia hapana, natafuta rangi ya mwili. Akasema, "Rangi ya mwili ndiyo hii, siste." Akaiweka kifuani mwangu, juu ya fulana, kunionyesha. Tukaitazama wote wawili. Mkono wake ulioishika ulikuwa mweusi kuliko wangu.

Hakuna aliyekuwa anadanganya pale. Yeye anauza kitu kwa jina lake la dukani. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza, na neno walilotumia kwa hiyo rangi maana yake ni uchi. Sisi tumelitafsiri kwa adabu, tukasema rangi ya mwili, lakini mwili wenyewe hatukuubadilisha. Nikanunua, mia tatu hamsini. Siku ya shuti nilivaa blauzi nyeupe nyepesi na ile sidiria ikaonekana chini ya kitambaa kama taa. Mpiga picha akauliza kama sikusoma maagizo. Niliyasoma, boss. Niliyafuata neno kwa neno.

Siku hizi najua kwamba ngozi kama yangu, chini ya nguo nyeupe, inataka sidiria ya kahawia iliyokolea. Hiyo ni kanuni ya kawaida tu: kitambaa cha ndani kifanane na ngozi, ndipo mwanga upite nguo ya juu bila kukutana na mpaka. Kanuni ni nzuri. Neno ndilo bovu. Na niliyejilipia chupi ya mwili wa mtu mwingine ni mimi.

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kujiandaa kwa shuti ya kwanza, utapata makala mia yanayofanana kama mapacha. Kunywa maji. Lala mapema. Usijaribu losheni mpya wiki hiyo. Usivae soksi zinazobana asubuhi ile, zitaacha alama mguuni. Fanya mazoezi ya mapozi mbele ya kioo. Kula kitu chepesi. Kisha, lazima, kuwa wewe mwenyewe. Sitaki kuonekana nadharau. Ile ya soksi iliniokoa, na ile ya losheni ningeisikia mapema singefika kwa shuti moja na vipele shingoni. Lakini yasome kama fasihi, manake ni fasihi, na uangalie vitenzi vyake. Osha. Nyoa. Lainisha. Pumzisha. Leta. Karibu kila kitenzi kinafanyiwa mwili wako, na hakuna hata kimoja kinachoelekezwa kwa yule mtu wa upande wa pili. Hakuna "uliza". Hakuna "soma". Hakuna "kataa". Unaandaliwa vile kuku wa Krismasi anaandaliwa, na kuku pia anaambiwa kwa upole.

Ushauri wa aina hii unakuona kama malighafi. Kazi yako ni kufika ukiwa safi, na wengine ndio watakaotengeneza kitu kutokana na wewe. Ndio maana "uso msafi, bila vipodozi" linasikika kama agizo la kawaida. Linadhani kwamba kule unakoenda, ndani ya lile sanduku kubwa la mpambaji, rangi yako ipo inakungoja.

Kuna mtu aliyefika na uso msafi akakuta rangi yake haipo, na hadithi yake inatuhusu sana watu wa Nairobi, ijapo tunapenda kuisimulia upande mmoja tu. Iman alipofika New York na kupata kazi ya Vogue mwaka 1976, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Iman amesimulia jambo hili mara nyingi kwenye mahojiano. Hakujua hata swali linamaanisha nini. Mwanamitindo mzungu aliyekuwa naye siku hiyo hakuulizwa. Mpambaji akachanganya alichokuwa nacho, akampaka, na Iman alipojitazama kwa kioo akaona uso wa kijivu.

Alichofanya baada ya pale ndicho kinachonivutia mimi kama msomaji wa picha. Hakurudi hotelini kunywa maji na kulala mapema. Alienda kwa maduka ya bei nafuu, akanunua chochote kilichokuwa na rangi ndani yake, akaanza kuchanganya mwenyewe. Na hakuamini kioo. Alijipiga picha kwa kamera ya Polaroid kuona ule mchanganyiko unaonekanaje kwa picha, maana kioo na kamera haviongei lugha moja. Kutoka hapo akawa anaenda kazini na mfuko wake. Mwaka 1994 ule mfuko ukawa kampuni, Iman Cosmetics, ya ngozi ambazo masanduku ya wapambaji yalikuwa yamezisahau.

Yaani maandalizi yake ya shuti yaliyofaa kitu yalikuwa ya kukataa dhana iliyo ndani ya maagizo. Leo Polaroid unayo mfukoni, ni simu. Jipake, simama dirishani, piga. Ingia bafuni chini ya ile balbu ya manjano, piga. Toka nje saa saba mchana, piga tena. Uso ule ule utakuwa wa watu watatu. Hilo hautaliona kwa kioo hata ukifanya mapozi hadi asubuhi.

Hicho kijivu cha Iman hakikutoka kwa mpambaji peke yake. Kamera nayo ina hamu ya kijivu. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera kimetengenezwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni kijivu cha wastani. Mwachie kamera ijiamulie, ijazwe na uso mweusi peke yake, na itasema hapa pana giza, niongeze mwanga. Inaongeza, na weusi unasafishwa hadi unakaa kama jivu. Mpiga picha anayejua kazi yake anaikatalia kamera. Asiyejua anakwambia ngozi yako ni ngumu.

Na kabla ya kamera za leo kulikuwa na filamu, na maabara zilizoisafisha. Kodak walikuwa wanatuma maabara kadi ya kupimia rangi: picha ya mwanamke mzungu, ngozi nyeupe, nguo za rangi kali. Wenyewe waliiita Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha mojawapo ya zile za kwanza. Fundi akisafisha picha, alirekebisha mashine mpaka Shirley apendeze. Shirley akiwa sawa, kila mtu yuko sawa. Waliosukuma Kodak kuanza kushughulikia rangi za kahawia vizuri zaidi, kati ya miaka ya 1970 na 1980, ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishika kwa matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kabati lilisikizwa kabla yetu. Nikisoma hilo nacheka, halafu naacha kucheka.

Ndio maana nikiona kazi za Thandiwe Muriu, Mnairobi mwenzetu, kwenye mfululizo wake wa Camo, kitu cha kwanza ninachotazama ni weusi wa ngozi kabla ya vitenge. Vitenge vinapiga kelele, na ni sawa, ndivyo vilivyotakiwa: nguo imeshonwa kwa kitambaa kile kile kilichotandazwa nyuma, hadi mwanamke anazama ndani ya ukuta. Miwani imetengenezwa kwa vitu vya nyumbani, vifuniko vya chupa, vichana, vile vitu vya kuviringia nywele. Lakini uso na mikono haijang'arishwa. Weusi umeachwa uwe mweusi, na ndio kitu pekee kwenye picha ambacho hakijazama. Sina uhakika napenda picha zote za ule mfululizo. Zikiwa nyingi ukutani zinaanza kunichosha, unakuwa unatafuta kifaa kipya badala ya mtu. Ila hakuna hata moja inayoweza kutazamwa bila kuona maandalizi. Fundi cherehani yumo. Msusi yumo. Aliyekusanya vifuniko yumo. Picha haijifanyi kuwa ilitokea tu.

Picha kujifanya kuwa imetokea tu ndiyo hadithi nyingine ya Iman, na hii ndiyo tunayopenda kuisimulia hapa Nairobi. Mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona barabarani mjini hapa mwaka 1975. Ulimwengu ukaambiwa kwamba amemvumbua msichana mchunga mifugo huko nyika ya kaskazini mwa Kenya. Ukweli ni kwamba Iman alizaliwa Mogadishu, binti ya balozi na daktari wa wanawake, familia iliyoikimbia Somalia chini ya utawala wa Siad Barre. Alikuwa anasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi na anaongea lugha tano. Mbuzi wa Iman walikuwa kwa kichwa cha Beard.

Kwa nini mbuzi? Sidhani Beard alidanganya kwa bahati mbaya, wala kwa ajili ya pesa tu. Kitabu kilichomjenga, The End of the Game cha mwaka 1965, ni maombolezo ya Afrika ya wanyama wakubwa na wawindaji inayokufa. Kwa macho hayo, kitu kizuri cha Afrika lazima kiwe porini na lazima kiwe hakijaguswa. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa mwenye deni la karo hatoshi kwa fremu hiyo. Kwa hivyo akatolewa Nairobi akapelekwa nyikani, kwa maneno tu, kabla hata filamu haijawekwa kwa kamera. Miaka ya 1980 Beard alimpiga Iman picha akiwa na duma. Ni picha maarufu, na nakubali ni nzuri. Beard alikuwa na jicho, tusijidanganye. Lakini baada ya kujua ile hadithi ya mbuzi, nikiitazama naona ni sentensi ile ile ameirudia, safari hii na mnyama anayelipa zaidi.

Sio kwamba uongo ni haramu kwa picha za mitindo. Osborne Macharia amejenga jina kwa kuwavalisha watu maisha ambayo hawakuyaishi. Kwenye Nyanye, bibi zetu wenye mvi wamekuwa vigogo wastaafu wa serikali na makampuni wa miaka ya 1970 ambao sasa wanazunguka Afrika kwa anasa na mitindo. Hakuna neno la kweli hapo. Ila yule bibi anajua anaigiza, mpiga picha anasema ni hadithi ya kubuni, na uongo unamwongezea mwanamke vyeo. Uongo wa Beard ulimpunguzia: ulimnyang'anya baba, mama, chuo na zile lugha, ukamwachia shingo.

Sasa, sehemu ambayo waliosimulia uvumbuzi waliipita haraka haraka. Beard alipomsimamisha, alimuuliza kama amewahi kupigwa picha. Iman amesema alikereka. Huyu mzungu anadhani hatujawahi kuona kamera? Akawa anaenda zake mpaka Beard akataja malipo. Hapo Iman akataja bei yake: dola 8,000, karo aliyokuwa anadaiwa. Beard akalipa.

Rudia hiyo aya polepole. Msichana wa chuo, Nairobi, mwaka 1975, kabla ya picha moja kupigwa, anajua anadaiwa ngapi na anaiomba yote. Kama nikiulizwa shuti ya kwanza inaandaliwaje, ningeanzia hapo, hata kabla ya maji na usingizi. Ajabu ni kwamba hadithi ya mbuzi iliitaka bei hiyo isahaulike. Aliyevumbuliwa hana bei. Mlima hauna bei, maporomoko hayana bei, unayaona tu na kuyaita kwa jina lako. Mtu ukimtoa kwa karo na ukampeleka kwa mifugo, umeifuta ile ankara.

Mimi sikuwa na ankara. Nilipouliza kuhusu malipo, nikiwa tayari nimeketi kwa kiti cha mpambaji ndani ya godauni moja Industrial Area lililogeuzwa studio, niliambiwa hii ni ya kujijenga. Utapata picha kwa faili yako, na watu watakuona. Haya mapatano yapo duniani kote na siyo wizi kila mara: mpiga picha anayeanza na mwanamitindo anayeanza wanabadilishana muda, kila mmoja anaondoka na picha. Hiyo ni haki kabisa. Inageuka kitu kingine pale ambapo kuna mtu wa tatu, mwenye nguo, na yeye halipi kwa sababu nyinyi wawili mnajijenga. Siku ile kila mtu alikuwa anajijenga isipokuwa jumba la mwenye duka, ambalo lilikuwa limeshajengwa.

Na kulikuwa na fomu. Nililetewa saa tisa mchana, nimesimama na kandambili, jicho moja limeshapanguswa na jingine bado, mtu ameshika kalamu tayari. Karatasi mbili. Nikasaini kwa kutumia mgongo wa yule kijana wa taa kama meza. Alikuwa mpole, aliinama vizuri.

Ile fomu ndiyo andishi la pili ninalotaka kulisoma hapa, manake ndilo jibu la kimya cha ule ujumbe wa kwanza. Ujumbe wa WhatsApp una vitenzi vyangu vyote. Fomu ina vyao: kutumia, kubadilisha, kukata, kuunganisha, kuuza, kumpa mtu mwingine, milele, ulimwenguni kote, kwa njia iliyopo au itakayovumbuliwa. Lugha ya kuvumbua tena, ona. Nimeisoma mara nyingi na nakiri ina mdundo. Mwandishi wake alijua kupanga orodha. Jina langu limo mara moja tu, chini kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaanza na mpiga picha kama mwenye kazi, na kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, haki huhamia kwa aliyeagiza, kama hamkukubaliana vingine. Kwenye hesabu hiyo, wewe uliyekaa njaa toka asubuhi huna hisa. Kinachokupa mguu wa kusimamia ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, manake uso wako ni data yako. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja tu kujiburudisha, bila idhini yake. Idhini ndilo neno. Yule mteja hakuwa amesaini kitu. Mimi nilisaini mgongoni mwa mtu.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye rafiki yangu alinitumia picha akiwa ndani ya matatu. "Huyu si ni wewe?" Duka la wigi, katikati ya mji, bango la ghorofa nzima. Uso wangu. Shingo yangu. Juu yake nywele ndefu zilizonyooka, nyeusi tii, zikianguka hadi kwapani. Sijawahi kuvaa hiyo wigi, wala yoyote. Siku ya shuti nilikuwa na matuta, niliyosukwa Kenyatta Market masaa manne siku iliyotangulia kwa ajili ya lile neno "nadhifu". Niliumia kichwa usiku kucha kwa unadhifu. Yote yalifutwa kwa kompyuta, mstari kwa mstari. Na ngozi yangu ilikuwa imepandishwa hadi inafanana, Mungu wangu, na ile sidiria.

Nilipompelekea mamangu ile picha, alipiga simu badala ya kuandika. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mimi, Mum. Akanyamaza. Akasema, "Macho ndio yako."

Hapo ndipo nikaanza kufikiria tofauti kuhusu zile picha za studio za zamani zilizoko kwa masanduku ya bati ya nyanya zetu. Mombasa, katikati ya karne iliyopita, kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, na Isolde Brielmaier ameandika kitabu kizima kuhusu wateja wake, I Am Sparkling. Ukizitazama zile picha unaona watu waliojiandaa hasa: wanawake wamekuja na nguo walizozichagua, wamejipamba nyumbani, wanajua wanataka kuonekana vipi, wengine kama mastaa wa sinema. Wameinua kidevu. Tofauti yao na mimi haikuwa urembo wala ujasiri. Walikuwa wamelipa. Yule wa mbele ya kamera ndiye aliyekuwa mteja, na akitoka pale picha ilienda nyumbani kwake, ukutani kwake. Kwenye shuti ya mitindo aliye mbele ya kamera ni sehemu ya bidhaa, na mteja yuko nyuma, kwa kiti, anakunywa kahawa.

Siwezi kusema turudi kwa Parekh. Mitindo ni kazi, na mimi nataka hiyo kazi. Ukweli ni kwamba nimeirudia. Lakini sikuhizi ninapojiandaa, kuna mfuko. Ndani yake mna chupa mbili za faundesheni, moja iliyokolea kupita mimi na moja iliyopungua, kwa sababu hakuna iliyo mimi na lazima nichanganye. Sidiria ya kahawia niliyoipata baada ya kuzunguka Eastleigh Jumamosi nzima. Kandambili, ndizi, chupa ya maji. Na siku tatu kabla natuma ujumbe wangu, mfupi kama wao: mnalipa ngapi, picha zinaenda wapi na kwa muda gani, nitumieni fomu niisome nikiwa nimekaa. Wawili hawakujibu kabisa. Mmoja alijibu nina maringo. Wengine walijibu vizuri, na hata mmoja akabadilisha "milele" ikawa miaka miwili, haraka hivyo, kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Wakati mmoja mwaka huu nilifika na mfuko wangu nikakuta mpambaji amefungua sanduku lenye kahawia za kila aina, kutoka rangi ya mandazi hadi ya kahawa isiyo na maziwa. Akaniangalia mara moja, akachukua ya nne kutoka mwisho, na ilikuwa yenyewe. Nilishika ule mfuko wangu kwa mapaja nikijiskia mjinga kiasi, na nikitaka kulia kiasi.

Kwa wale wa bango niliandika barua pepe nikiondoa idhini yangu. Sheria ya 2019 inaniruhusu kuiondoa. Walinijibu kwa kunitumia ile fomu, ikiwa imeskaniwa, saini yangu imezungushiwa duara jekundu. Bado tunaandikiana. Bango nalo bado liko, limeanza kupauka upande wa kushoto ambako jua la jioni hupiga.

Wiki iliyopita niliingia ndani ya hilo duka. Nikaonyesha ile wigi ya bango, nikauliza bei. Elfu nne na mia tano. Msichana wa kaunta akanitazama, akatazama mlangoni ambako kuna kijibango kidogo cha picha ile ile, akanitazama tena.

"Si huyu ni wewe?"

"Ni kazini yangu," nikasema.

"Mnafanana sana, ila yeye ni mweupe." Akafikiria kidogo. "Sawa basi, kwa sababu ni wa familia, lete elfu nne."